Majina Tuliyompa Mwalimu

Katika kambi ya wakimbizi Tanzania nilikuwa mwenyekiti wa bloku, mtaa mmoja wa kambi, kwa miaka mingi, na kazi yangu kubwa ilikuwa orodha. Orodha ya unga, ya mablanketi, ya watoto wa chanjo, ya wanaoitwa kwenye mahojiano ya kwenda Amerika. Aliyekosa kuandikwa alikosa vyote, kwa hiyo tulizoea kuandikwa kwanza na kuuliza baadaye. Sisemi haya ili nijitetee. Nilisoma hadi kidato cha nne. Karatasi ile ya sahihi niliisoma juu hadi chini, na wengi wa wenzangu hawakuweza.

Ililetwa na mwalimu wetu wa Kiingereza hapa Louisville, mama wa Kijapani wa rika langu, anayetufundisha kila Jumamosi katika chumba cha chini cha kanisa, mtaa wa Iroquois. Alitueleza kwa Kiingereza cha polepole kwamba katiba ya nchi yake inakataa vita. Mama yake alinusurika moto wa mabomu akiwa msichana, akawalea wanawe kwa maneno hayo ya katiba. Sasa serikali inataka askari wake waweze kwenda kupigana mbali na kwao. Dada yake mkubwa, bibi wa mkongojo, husimama na wenzake kila wiki mbele ya kituo cha treni wakiwa na mabango ya kupinga. Wanakusanya sahihi, hata za watu wa nje. Anayekubali atie sahihi, alisema, na asiyekubali asione haya.

Karatasi alinipa mimi, kwa kuwa amesikia wote wakiniita Mzee na yeye huniita hivyo. Nikasimama, nikawaambia wenzangu: "Mwalimu ana orodha. Andikeni." Sikuongeza neno, na mpaka leo sijui kwa nini. Labda nilichoka kutafsiri. Labda nilifurahi kuona watu wamenipangia mstari tena.

Habari zikasambaa. Mdogo wangu aliyeko Buffalo alinipigia simu amenuna. "Kaka, orodha inapita Louisville na mimi hunitaji?" Nikamwambia ni ya Wajapani. "Japani si pabaya," akasema. "Tuandike wote wanane, na huyu mtoto anayekuja mwachie nafasi." Nilicheka, nikawaandika, na sahihi zao nikazitia mimi. Binti yangu wa Columbus naye alinitumia majina ya nyumba yake kwa simu, watoto wakiwemo. Nayo nikayatilia sahihi.

Mwalimu alipozihesabu kurasa alivua miwani akafuta macho. Alisema dada yake hataamini. Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Wiki zikapita na sikusema.

Kisha rafiki yake mmoja anayeishi Columbus akawa anasafiri kwenda Japani siku ya Jumatatu, na mwalimu akataka kumkabidhi karatasi kwa mkono. Aliniuliza kama ningependa kufuatana naye ili niwaone wajukuu. Tukaondoka Jumamosi asubuhi, darasa likiwa limefungwa wiki hiyo. Njia nzima alinisimulia habari za dada yake: jinsi wapita njia wengine wanavyomcheka, jinsi anavyobeba kiti kidogo cha kukunja ili apumzishe goti. Nilikuwa naitikia tu.

Binti yangu anakaa Gahanna, kitongoji cha Columbus, karibu na uwanja wa ndege, na hufanya kazi katika ghala la huko huko. Alikuwa ametupikia ndizi na maharage. Mwalimu aliweka bahasha mezani akamshukuru kwa sahihi zake. Binti yangu akafuta mikono, akamjibu kwa adabu na kwa Kiingereza kinachonishinda mimi.

"Asante wewe, Mwalimu, kwa kutuweka kwenye orodha. Majibu yanatoka lini? Na shule za kule, watoto watafundishwa lugha gani?"

Mwalimu alimtazama, kisha akanigeukia mimi.

"Mzee, uliwaambia ni karatasi ya nini?"

"Sikuwaambia," nikasema. "Na sahihi za Buffalo na za nyumba hii ni za mkono wangu."

Binti yangu akaketi. "Baba. Na darasa zima?"

Nikaitikia kwa kichwa. Mwalimu alisema, kwa sauti ndogo, kwamba wanaomcheka dada yake husema vikongwe wale wanaokota majina ya watu wasiojua walichotia sahihi. "Nilikuwa nakwenda kuwapelekea ushahidi," akasema. Halafu akaniuliza: "Na wewe mwenyewe? Ulikubali?"

Jeshi la nchi yetu ndilo lililomuua baba uani kwetu. Ubaya wa jeshi sikuhitaji kufundishwa. Lakini siku tatu tulizojificha kwenye matete kabla ya kuvuka mto, mama alikuwa akimwomba Mungu jeshi lolote lije, la nchi yoyote ile. Halikuja, na yeye hakuvuka. Sasa nawaambia askari wa nchi za watu wakae kwao, au waje? Nimelizungusha swali hilo mara nyingi tangu siku ile na kila mara linaniacha mahali tofauti.

"Sijui," nikamwambia. "Jina langu ndilo la kwanza kabisa, na sijui."

Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alitoa kalamu nyekundu anayosahihishia mazoezi yetu. Siku hiyo na Jumapili nzima nilikaa kwenye meza ile nikipiga simu nyumba kwa nyumba, nikieleza tangu mwanzo, kwamba orodha hii haimpeleki mtu popote. Watoto tuliwakata kwanza.

Mdogo wangu alinisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo hakuna Japani."

"Hakuna."

"Kaka, uzee umekuharibia kazi. Zamani ulikuwa huandiki hovyo."

Akasema nikate wote. Mara simu ikachukuliwa na mkewe. "Shemeji, mimi niache. Kaka zangu wawili walibebwa na jeshi wakapigane, hatukuwaona tena." Mwalimu akataka aandike jina kwa mkono wake mwenyewe na kutuma picha. Herufi zilikuja kubwa, zimepinda, na mwalimu alizitazama muda mrefu kuliko alivyotazama kurasa zangu zote.

Mwishoni majina yaliyobaki hayakujaza ukurasa mmoja. Mwalimu alinisogezea kalamu. Nililikata jina langu. Sikulikata kwa kuwa naipinga karatasi ile. Nililikata kwa sababu lilikuwa limekaa juu ya majina ya watu wanaojua wanachokitaka. Rafiki yake aliondoka na karatasi hiyo moja.

Mwalimu bado anatufundisha, na bado ananiita Mzee. Ila hata karatasi ya mahudhurio hanipi tena niipitishe. Huzunguka nayo mwenyewe, kiti hadi kiti, akimweleza kila mtu ni ya nini, na akifika kwangu hunieleza na mimi.