Chapati Zilizotoa Povu

Chekeni tu, mimi nimeshajicheka vya kutosha. Wiki jana sisi majirani wa Makongeni tulipiga kambi kule Ngong, nami kwa kidomodomo changu nikatangaza kwamba chapati niachiwe mimi. Kwetu chapati ni chakula cha Krismasi, na anayezijua kuzipika huheshimiwa.

Mke wangu yuko ushago, kijijini kwetu, kwa hiyo nilijifungia mizigo mwenyewe, pamoja na mkebe wa mafuta ya kupikia. Kambini nikakanda unga, nikasukuma kwa chupa, nikachota mafuta meupe na kuyatia kwenye kikaango. Yakatoa povu. Nikaongeza. Povu likapanda, likamwagika motoni.

"Ni mafuta ya kisasa," nikawaambia waliokuwa wakinusanusa.

Mama Rehema, jirani yangu wa ukuta mmoja, akaninong'oneza, "Baba Akinyi, huo si mkebe ambao mkeo hulowekea sabuni ya vyombo?"

Mungu ambariki mama yule, hakupaza sauti. Alinituma nikasugue kikaango, akasukuma chapati nyingine, akazipika kwa samli yake mpaka sinia likajaa. Kisha akaita, "Njooni, chapati za Baba Akinyi ziko tayari!"

Watu wakala, wakanipigia makofi. Mzee Otieno, kiongozi wetu, akanishika mkono kunipongeza. Akanusa kiganja chake. Akamtazama Mama Rehema, aliyekuwa na unga hadi viwikoni, kisha akanigeukia.

"Baba Akinyi," akasema, "mpishi gani wa chapati hunukia sabuni?"