Mpira wa Baiskeli Ndani ya Bastola ya Baba

Iko siku moja hainitoki moyoni, mwanangu, na leo nakusimulia kwa kuwa jana nimekusikia ukimwambia mamako, "Tayari, nimeshamaliza," na mie kwa macho yangu naiona kazi hata haijaanza. Usinune. Weka hiyo simu chini, ukae hapa karibu na bibi yako.

Tulikuwa Nizwa, huko Omani, miaka ya thamanini ndiyo kwanza inaingia. Tumetoka Unguja, baba yangu kapata kazi ya ukarani serikalini, na mie nina miaka kumi na tisa, mikono haitulii. Cherehani nafungua, redio nafungua, feni nafungua. Baba akinicheka, "Zuwena, iko siku utanifungua na mie."

Baba alikuwa na bastola ya shabaha, ile ya gesi. Si ya kuulia mtu, la hasha. Unatia kichupa cha gesi kwenye mpini, na hiyo gesi ndiyo inayosukuma kirisasi kidogo kikatoboe karatasi. Aliwahi kuvunjika bega ujanani, bunduki kubwa ikimrudi kwa kishindo, bega humuuma siku tatu. Hii ilikuwa haimrudi hata kidogo. Kila Ijumaa baada ya sala alitundika karatasi kwenye ukuta wa uani, akapiga, kisha akaniita nihesabu matundu. Basi mwaka ule ikaanza kuvuja. Unatia kichupa kipya, inalia fyuuu, na kabla hujamaliza kikombe cha kahawa gesi yote imekwisha. Ndani mna vimipira vya mviringo vinavyoizuia gesi, mafundi huviita sili, na vile vya baba vilikuwa vimekauka hata vimefanya nyufa.

Na vilikufa wakati mbaya. Binamu yake mkubwa, ami Salim, alituma salamu kutoka Ibra, kwa babu zetu: baba aje Idd, na siku ya pili akalenge shabaha pamoja na wanaume wa ukoo, pale kando ya mitende. Wewe huwezi kujua uzito wa salamu ile. Tangu turudi Omani hapana aliyewahi kumwalika. Kiarabu chake kilikuwa cha kukwamakwama, na watu wakimwita Zinjibari, yaani mtu wa Zanzibar, hata waliokula naye sahani moja. Kualikwa shabaha ilikuwa kama kuambiwa, karibu nyumbani, wewe ni wetu. Mtu mzima yule alipiga pasi kanzu yake siku nne kabla ya safari, akaitundika, akaipiga tena!

Akanituma Firq, kijiji cha jirani, kwa fundi Abdalla, mtu wa kwetu, aliyekuwa akitengeneza pampu za maji. Akanihusia, "Tunataka sili zenyewe, si za kubahatisha. Zikikosekana, basi, nitakaa nitazame. Kualikwa kwenyewe kunanitosha."

Nikaenda na jirani na mkewe. Fundi akaniambia sili kaziagiza Maskati, hazitafika ila baada ya Idd. Njia nzima ya kurudi naiona ile kanzu. Nilipofika nyumbani nikachukua tyubu kuukuu ya baiskeli, nikakata vipete viwili kwa mkasi wa cherehani, nikavitia. Vilikaa vizuri, walla, mpaka nikajisifu. Nikatia kichupa, nikapaka povu la sabuni kwenye maungio, maana gesi ikitoka povu huvimba. Likavimba. Vijipovu vitatu, vinne, vidogo vidogo.

Baba akaingia. "Fundi kazipata?"

"Kazipata, baba."

"Umejaribu kwa sabuni?"

"Nimejaribu."

Hilo la pili lilikuwa kweli, na ndilo linaloniuma zaidi mpaka leo. Nusu ya kweli, mwanangu, ni uongo uliovaa nguo za Idd. Wala sikusema kwa ubaya. Nilimpenda baba yangu, sikuweza kuuona uso wake ukianguka. Wengi wetu hatudanganyi kwa chuki, tunadanganya kwa huruma, na anayeumia ni yule yule tuliyemhurumia.

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, na yangu iliishia Ibra. Sisi wanawake tulikuwa juu ya paa, tunachungulia uwanjani. Zamu ya baba ikafika, akasimama wima, mkono mmoja nyuma. Kirisasi cha kwanza kikapiga karatasi, wazee wakasema mashallah. Cha pili kikapiga chini kabisa. Cha tatu, sikwambii: bastola ikatoa mlio wa aibu, fyuuu, kirisasi kikadondoka mchangani hatua chache mbele yake. Vijana wakaangua kicheko. Mmoja akasema Zinjibari kaja na pampu ya baiskeli. Hakujua alivyopatia!

Ami Salim akauliza kulikoni. Baba angeweza kusema, binti yangu ndiye aliyeitengeneza. Alisema, "Kosa langu. Sikuitazama kabla ya kuja." Akaifunga kwenye kitambaa, akaenda kukaa na watazamaji, akawapigia makofi waliobaki. Mie juu huko nilijifunika uso kwa shela, shangazi zangu wakadhani jua limenipiga.

Tulirudi Nizwa. Asubuhi akatandika gazeti uani, akaifungua mwenyewe. Mpira wa tyubu hunywa ile gesi ukavimba, na vipete vyangu vilikuwa vimevimba hata vimetoka pahala pake. Akakishika kimoja kwa vidole viwili, akakigeuzageuza. "Zuwena," akasema, "baiskeli ya nani hii?"

Nililia, mwanangu. Nilimshika miguu. Akanipa kitambaa chake, akangoja mpaka nimalize.

"Kuchekwa si kitu," akasema. "Nimechekwa na wakubwa kuliko hao. Lakini bastola ikivuja naijua, inalia. Neno lako likivuja nitalijuaje, na mie nimelitegemea?"

Heri angenipiga.

Sili zilipofika, alinipeleka yeye mwenyewe Firq kuzichukua. Nikadhani atazitia kwa mkono wake. La, akaiweka bastola mbele yangu. Nikahakikisha kwanza haina gesi, nikafungua, nikang'oa masalio ya mpira kwa kijiti, maana sindano huchubua chuma, nikapangusa, nikatia sili mpya na tone la mafuta. Kichupa. Sabuni. Na hapo, Mtume, kijipovu kimoja! Kimoja tu, kama kichwa cha pini, na baba miwani hana. Alikuwa keshashika karatasi ya shabaha, anatafuta pa kuitundika.

Nikasema, "Inavuja, baba."

Akaiacha ile karatasi. "Inavuja?"

"Kidogo. Lakini inavuja."

Akacheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu tulipotoka Ibra. "Alhamdulillahi," akasema, akanibusu kwenye paji la uso. "Alhamdulillahi, inavuja!" Ungedhani nimemwambia mambo yote sawa. Tukaifungua tena wawili, tukakuta unywele wangu umebanwa chini ya sili. Tukautoa, tukafunga, ikanyamaza. Idd ya mwaka wa pili ami Salim alimwita tena, akaenda nayo. Hakushinda, alikuwa wa tatu, na akarudi anaimba njia nzima.

Sasa nakuusia, mwanangu. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi, lakini si kila kitu pakacha. Ukitumwa kazi usiyoiweza, sema siiwezi. Ukiona povu, sema nimeona povu, hata kama unayemwambia keshavaa na yuko mlangoni, hata kama ni mtu unayempenda kuliko roho yako. Huyo ndiye wa kwanza kuambiwa. Aibu ya kusema kweli ni ya kitambo. Na mzazi wako akikubebea aibu mbele za watu, ujue kakulipia kitu ambacho huwezi kumrudishia ila kwa kusema kweli siku nyengine. Haya, inuka sasa, nenda kwa mamako ukamwambie hujaanza. Mwenyezi Mungu akupe mikono ya kazi na ulimi mnyofu, akufungulie milango ya kheri, na siku ukizaa akupe watoto wasioogopa kukwambia kweli. Amin.