Nyanya Kwenye Pilau ya Marehemu

Jumatano mchana nilikula pilau kwenye hoteli moja hapo Adams Arcade, Nairobi, na wenzangu wawili wa ofisini, Msunni na Mshia. Walikuwa wakibishana kuhusu hadithi za Mtume. Mimi, mtu wa kwaya ya kanisani, niliendelea kula.

“Masahaba waliishi naye,” alisema Msunni. “Walimwona, walimsikia. Napokea kwao.”

“Mimi naanza na watu wa nyumba yake,” akajibu Mshia. “Nani anamjua mtu kuliko wao?”

Mara mpishi akatoka jikoni na mwiko, akimfokea binti wa marehemu mwenye hoteli, aliyekaa kaunta.

“Nimepika na mzee miaka ishirini! Pilau yake haikuwa na nyanya!”

“Mimi ni mtoto wake. Nyumbani alikuwa anaweka.”

Mpishi akavua aproni, tayari kuondoka. Nikawageukia wataalamu wangu. “Haya, amueni.”

Msunni akalamba kidole. “Binti anasema kweli. Hii ya nyanya ni tamu.”

Mshia akasukuma sahani. “Mimi niko na mpishi.”

Nikauliza mbona wamebadilishana misimamo. Wakanitazama kwa huruma.

“Ile ilikuwa dini, ndugu yangu,” akasema Msunni.

Mshia akamalizia: “Hii ni pilau.”