Kwa saa ya kompyuta, nilimfukuzisha kazi binti wa mdogo wangu

Admin, naomba ufiche jina langu. Leo ni Jumapili, mwezi wa saba, na nimetimiza miaka arobaini na moja nje ya Mogitu, kijijini kwetu Hanang. Nina miaka sitini na tisa, naishi Ulaya, na kazi yangu ilikuwa usalama wa kompyuta.

Mwaka jana shirika moja lenye zahanati Hanang na Mbulu liliniomba msaada. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Niliunganisha kompyuta zao zote ili kumbukumbu za usalama, yaani nani amefungua nini na saa ngapi, zije kwenye mfumo mmoja ninaousoma huku.

Kisha siri za wagonjwa wa zahanati ya Masakta, mojawapo ya hizo, zikavuja. Nikapekua kumbukumbu. Mafaili yalifunguliwa mara nyingi saa tisa usiku, kwa jina la muuguzi ambaye ni binti wa mdogo wangu, mtoto nisiyewahi kumwona. Nisije nikaonekana napendelea ndugu, niliandika ripoti kali.

Alinipigia akilia. "Shikamoo baba mkubwa. Usiku mimi nalala. Mafaili nafungua asubuhi, wagonjwa wakiwepo."

"Kompyuta haisemi uongo," nikamjibu.

Akafukuzwa. Baba yake akaniambia, "Kumzika mama yetu hukuja. Leo umekuja kwa karatasi, kutufukuzia mtoto!"

Mwezi uliopita binti alinitumia picha yake ya siku ya mwisho kazini. Dirishani jua kali; nyuma yake kompyuta inaandika 4:20 AM, saa kumi usiku. Nikamuuliza imekuwaje.

"Niliipanga ioane na saa ya ukutani, inayofuata saa zetu za Kiswahili, baba mkubwa. Hapo ni saa nne asubuhi."

Nilikulia kwenye hesabu hiyo. Ile 3:10 niliyoiandika saa tisa usiku, kwake ilikuwa saa tatu asubuhi, yuko kazini. Nikarudi kwenye mfumo: kila kumbukumbu ya Masakta ilifika zikiwa zimepita saa sita kamili tangu muda ulioandikwa. Tofauti hiyo niliiona tangu mwanzo, nikasema ni mtandao wa kijijini. Mtandao mbovu hauchelewi sawasawa hivyo kila siku.

Nilimwandikia mkurugenzi. "Mzee, tuliache hilo, tumeshaajiri mwingine." Aliyevujisha hajulikani hadi leo. Masakta, kina mama wananyamaza binti akipita. Mdogo wangu hapokei simu zangu.

Nishaurini, ndugu zangu. Niandike kosa langu kwa jina langu, lisomwe kwenye mkutano wa kijiji, hata kama shirika litakasirika na kuzima mfumo unaolinda zahanati nyingine? Au nitakuwa namwanika mtoto mara ya pili?

Msiniambie niende nikampigie magoti. Nasafishwa figo mara tatu kwa wiki. Sitarudi.