Mjomba wa Musoma

Sabuni ndiyo iliyonitoa Musoma. Watu hucheka nikisema hivyo, lakini ni kweli tupu. Mwanzoni mwa miaka ya themanini tulikuwa tukipanga foleni tangu alfajiri kwenye duka la ushirika, na siku moja nilipofika dirishani karani akaniambia imekwisha, nirudi kesho. Nilikuwa na mtoto ameshikilia kanga yangu, kanga yenyewe inanuka jasho la wiki nzima. Nilimtukana yule karani kwa Kijaluo na kwa Kiswahili, kisha nikaenda nyumbani nikamtukana na mume wangu, ambaye hakuwa amekosa lolote.

Mume wangu alikuwa fundi wa mitambo kwenye kinu cha pamba. Mjaluo kama mimi, ila yeye wa upande wa Tanzania. Mimi kwetu ni Kenya, Nyakach, karibu na Pap Onditi. Tulizungumza lugha moja, tukala samaki wa ziwa moja, tukazika watu wetu kwa desturi moja. Nchi tu ndizo zilikuwa mbili. Aliponioa alileta ng'ombe mpaka boma la baba yangu, na kwa kuwa baba alikuwa amekwisha kufa, kaka yangu ndiye aliyewapokea.

"Kenya kuna sabuni," nikamwambia siku ile. "Kuna unga mweupe. Kuna shule za Kizungu. Mtoto akisoma kule atakuwa mtu."

"Hata huku ni mtu," akasema. "Huku hakuna anayemuuliza kabila lake. Halafu mama yangu ni mzee, nitamwachia nani?"

"Basi baki na mama yako!"

Ulimi wangu, jamani. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na ulimi wangu huwa umeshafika mbali kabla akili haijavaa viatu. Mpaka wa Kenya, uliokuwa umefungwa kwa miaka, ulipofunguliwa nikafunga virago. Hatukuachana, la. Tulikubaliana, yaani mimi nilisema na yeye akanyamaza, nami nikachukua kule kunyamaza kuwa ni ndiyo. Nitangulie Kisumu na binti yetu, ambaye Mungu alitupa huyo mmoja tu, na yeye atafuata, mama yake atakapopumzika. Mama yake aliishi miaka mingi sana baada ya hapo. Sisemi kwa ubaya.

Nilipanga chumba Nyalenda, nikapata mahali pa kuweka cherehani kwenye baraza la duka la Mhindi, nikawa nashona yunifomu za shule. Sabuni ilikuwepo, tele, ya kila rangi. Lakini shule, yawa! Binti yangu alikuwa na miaka minane, ametoka darasa la tatu Musoma, tena wa kwanza darasani. Mwalimu mkuu akamjaribu kidogo, akanigeukia.

"Mama, hii mtoto iko na akili, lakini Kizungu yake ni sifuri. Itabidi ameanza darasa ya kwanza."

Akaketishwa na watoto wa miaka sita, magoti yake yakigonga dawati. Wenzake wakamcheka kwa Kiswahili chake. "Anaongea kama redio!" Kisa na maana, aliomba maji kwa kusema tafadhali naomba. Alirudi nyumbani analia, nami badala ya kumfuta machozi nikamwambia avumilie, mvumilivu hula mbivu. Baada ya miaka miwili alikuwa anasema "hiyo chakula iko wapi" kama mtoto yeyote wa Kisumu. Baba yake alipokuja kututembelea na kumsikia, alicheka mpaka akajishika mbavu. Kisha akawa anamtazama tu.

Alikuja mara mbili kwa mwaka, na kikapu cha unga wa muhogo begani. Binti yake alikuwa akimkimbilia stendi kabla basi halijasimama vizuri. Walikuwa wanapendana hao wawili. Wakati mwingine niliona wivu, nakiri.

Binti yetu alipofika darasa la nane ndipo mambo yalipoharibika. Shule ilitaka cheti cha kuzaliwa. Nikapeleka kile cha Musoma, kwa kiburi kabisa, kimekunjwa vizuri ndani ya Biblia. Karani wa ofisini alikisoma, akanirudishia kwa vidole viwili.

"Baba yake ni Mtanzania?"

"Lakini mimi ni Mkenya. Mimi ndiye niliyemzaa."

"Mama, aliyezaliwa nje anafuata baba. Huyu ni mgeni. Mtihani anaweza kufanya, lakini kipande, kitambulisho cha Mkenya, hatapata. Na bila kipande, chuo hakuna, kazi ya serikali hakuna."

Nilitoka pale na cheti changu mkononi. Miaka minane! Mtoto amekaa na wadogo zake, amechekwa, amemkosa baba yake mwaka mzima isipokuwa wiki mbili, halafu ati mgeni.

Kaka yangu wakati huo alikuwa anaendesha trekta la miwa Muhoroni. Nikamfuata, nikamkuta anakula, nikamlilia mbele ya sahani yake. Alitafuna pole pole.

"Nyaminwa," akaniambia, maana yake dada yangu, "njia iko. Sema ulimzalia nyumbani, kwetu Nyakach, na hujaolewa. Mtoto wa hivyo ni wa boma letu, nami nitasimama kama baba yake."

Hujaolewa! Mimi, ambaye ng'ombe wangu walikula majani ya boma hilohilo na majirani wote wakiona. Lakini naibu wa chifu, ambaye ndiye aliyeandikisha vizazi, alikuwa mgeni pale, na wazee waliojua walinyamaza kwa ajili ya kaka yangu. Nilisimama mbele ya meza yake.

"Mtoto alizaliwa wapi?"

"Hapa. Nyumbani kwa marehemu baba."

"Baba wa mtoto?"

"Hayupo."

Akachora mstari mahali pa jina. Mstari mmoja tu, wa kalamu ya wino wa bluu, na mume wangu akawa hayupo.

Sikumwuliza kwanza. Nilijiambia barua zinachelewa, muda wa shule unakwisha. Uongo mtupu. Barua ilichukua wiki moja. Niliogopa atakataa, na zaidi ya hapo niliogopa atanyamaza kama alivyonyamaza siku ile ya Musoma. Cheti cha zamani nilikitia jikoni, chini ya sufuria ya ugali. Jina lake lilikuwa juu yake, kwa herufi nzuri. Kiliungua haraka.

Kisha nikamfundisha binti yangu. "Watu wakiuliza, baba yako ni yule wa Muhoroni. Yule wa Musoma ni mjomba."

"Hata yeye mwenyewe nimwite hivyo?"

"Mbele ya watu."

"Mpaka lini, mama?"

"Mpaka upate kipande."

Alikuwa na miaka kumi na mitano. Hakulia. Aliitikia kwa kichwa na kurudi kwenye vitabu vyake, na mimi nikamshukuru Mungu kwamba nina mtoto mwelewa.

Mume wangu alikuja Jumamosi moja adhuhuri, bila kutoa taarifa, kama kawaida yake. Mke wa mwenye nyumba alikuwa chumbani kwangu nampima gauni. Mama huyo alikuwa na maneno, habari ikiingia sikioni mwake saa nne, saa sita iko sokoni. Binti yangu alikuwa mlangoni anaosha vyombo. Alimwona baba yake, akainuka, mikono inachuruzika maji, na nikaona anataka kukimbia kama zamani.

"Na huyu mzee ni nani?" akauliza yule mama.

Binti yangu akanitazama. Mimi nikatazama utepe wa kupimia.

"Ni mjomba," akasema. "Mjomba wetu wa Musoma."

Mume wangu alisimama pale na kikapu begani. Hakuna aliyekuwa amemwambia lolote.

"Ndiyo," akasema. "Mimi mjomba." Akatua kikapu, akamwamkia yule mama kwa heshima, akauliza hali ya watu wa nyumbani kwake.

Tulipobaki wawili nilimweleza yote, kwa sauti ya juu, kama kwamba yeye ndiye mwenye kosa. Ndivyo nilivyo nikikosa. Nilitaja karani, nikataja sheria, nikataja miaka minane. Alinisikiliza mpaka nikachoka.

"Ungeniandikia," akasema. "Ningekuambia sawa, fanya."

Angekasirika ningejua la kumjibu. Nilikwenda kukaa nyuma ya choo, nikalia huko.

Tangu hapo akawa anakuja mara moja kwa mwaka, halafu mwaka mwingine hakuja. Binti yetu akapata kipande. Akaenda chuo cha ualimu, akaajiriwa, akapata mchumba, kijana mzuri wa Awasi. Kila kitu nilichokitaka nilikipata, na msinisikie kama nalalamika kuhusu mtoto. Mtoto akawa mtu. Lakini kipande hakikumaliza uongo kama nilivyomwahidi. Mmoja wa wazee wa bwana harusi alikuwa karani katika ofisi hiyohiyo ya vipande. Neno moja tu, na ualimu wa mtoto ungekwenda na maji.

Mahari ililetwa kwa kaka yangu. Nilimwandikia mume wangu safari hii, nikamwambia ukija sitakulaumu, na usipokuja sitakulaumu. Alikuja. Alivaa koti la kijivu, akaketishwa upande wa wageni, karibu na mlango. Kaka yangu aliketi mahali pa baba, akapokea ng'ombe, akawashukuru wakwe. Alisema vizuri, siwezi kumtia dosari. Alimlipia karo, alimtetea. Lakini jasho lilikuwa linamtoka na alikuwa hatazami mlangoni.

Mzee mmoja wa Awasi akasema, "Na yule mzee wa koti la kijivu hatujamfahamu."

Binti yangu alikuwa anawanawisha wageni mikono. Akaacha kumimina maji. Akanyooka.

"Yule ni..."

"Mjomba," mume wangu akadakia, akitabasamu. "Mimi mjomba wake, wazee wangu. Wa Musoma."

Wakafurahi. Kwetu mjomba ana fungu lake katika mahari ya binti, na wakwe wema hawasahau. Wakamletea mbuzi, jike jeusi, wakamkabidhi kamba mkononi huku wanawake wakipiga vigelegele. Mimi nilipiga pia. Ningefanya nini?

Hakungoja chakula kiishe, alisema basi la kwenda mpakani Sirari halimngojei mtu. Nilimsindikiza mpaka kwenye ua. Alinipa kamba.

"Mchukue wewe," akasema. "Mpakani watamdai karatasi."

Alisema kwa mzaha, nami nikajaribu kucheka. Nilimwomba msamaha pale, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, na akaniambia tusiyafanye mambo hayo mbele ya wakwe. Kisha akashika njia ya kuelekea barabarani.

Alikuwa ameshapita lango binti yangu alipotoka ndani mbio, kiatu kimoja mguuni, gauni la sherehe ameshikilia kwa mikono miwili. Wazee wote wakageuka.

"Baba!" akaita. "Baba!"

Mume wangu alisimama. Nilimwona akianza kugeuza shingo. Na kaka yangu, aliyekuwa langoni na yule karani wa Awasi, akaitika haraka, "Naam, mwanangu, niko hapa," akaja kumshika mkono. Mume wangu akavuta koti lake vizuri, akaendelea kutembea.