Picha ya Pili ya Kichwa cha Mdogo Wangu

Mdogo wangu ameolewa Handeni, na kwa wakwe zake mzazi aliyetoka kujifungua hatoki nje mpaka arobaini ipite. Hilo silipingi, hata kwetu lipo. Lakini kichwa kilipoanza kumuuma walimfunga kanga tu, wakaikaza. Akatapika, wakasema uchovu wa kujifungua. Mkono wa kulia ulipoanza kurukaruka wenyewe ndipo wakanipigia simu huku Korogwe. Nilifoka mpaka majirani wakatoka nje. "Mleteni hapa hospitali leo hii, ama tutajuana!"

Walimleta. Mtoto mchanga walimwacha kwa wifi wa mdogo wangu. Mama mkwe wake ndiye aliyeingia naye kwa daktari, mimi nikabaki dirishani kushughulikia malipo. Wakampiga picha ya kichwa kwenye ile mashine kubwa ya duara. Nilipoingia, daktari alikuwa ameshaisoma.

"Picha ni safi," akasema. "Nitampa dawa za maumivu, mwende mkapumzike."

Safi? Mtu analalamika anaona giza, mkono haushiki kikombe, halafu safi! Nikainama kumwinua mdogo wangu, nikaona baibui limelowa kifuani. Maziwa. Hapo nikashtuka.

"Daktari, umeambiwa kwamba huyu ni mzazi?"

Mama mkwe alinifinya mkono mpaka nikaruka. Daktari alitutazama sote wawili. "Mzazi? Mbona nimeuliza nikaambiwa hapana?"

"Arobaini yake haijafika," nikasema. "Nifinye tu mama, nishasema."

Daktari aliirudia ile picha, akasogea karibu na kioo cha kompyuta. Akatueleza kwamba baada ya kujifungua damu huganda kwa urahisi, na ikiganda kwenye mishipa inayotoa damu kichwani, picha ya kawaida inaweza isionyeshe kitu. Ingebidi arudie, safari hii amchome dawa ya kung'arisha mishipa.

Mimi na mama mkwe tulikaa kwenye benchi nje ya chumba cha mashine. "Unataka kutuulia mtu?" nikamwuliza. Akauvuta mtandio usoni.

Daktari alituita. Kwenye kioo, mshipa mkubwa unaopita juu ya kichwa ulipaswa kuwa mweupe wote. Kule nyuma, katikati ya weupe, palikuwa na kipande cheusi. "Damu haipiti hapa," akasema. "Mngerudi naye nyumbani, sijui kama angeamka."

Sindano za kuzuia damu isiendelee kuganda zilianza hapohapo. Kabla hatujamfikisha wodini degedege likamkamata mwili mzima, likamwacha haitiki. Wakatutoa nje.

Mama mkwe akaketi chini kabisa, sakafuni. Nilikuwa na maneno yangu tayari, makali, nikamsimamia kichwani. Akaniwahi.

"Mtoto wangu wa kwanza nilitoka naye arobaini haijaisha. Nikaambiwa ni macho ya watu. Nilimzika." Akafuta uso kwa ncha ya mtandio. "Huyu nilimficha ili nimlinde, mwanangu."

Nilikaa pale sakafuni pembeni yake, tukausubiri ule mlango ufunguliwe, na jua likazidi kuteremka.

Nesi akatoka.

"Ndugu wa yule mzazi? Ameamka. Anauliza mtoto amenyonya nini."

Mama mkwe alininyooshea mkono. Nikamshika kwapani, nikamwinua, tukaingia.