Utepe wa Magitaa Matatu

Siku yangu ya kwanza kazini Mkuu wa Kituo hakunikabidhi mashine. Alinikabidhi chaki. "Binti, hapa tuna kipaza sauti kimoja," alisema, "kwa hiyo utapimia sauti sakafuni." Nilidhani ananitania. Kumbe ndivyo redio yetu ya Tabora ilivyorekodi bendi: mwenye sauti ndogo alisogezwa karibu na kipaza sauti, mwenye sauti kubwa akarudishwa nyuma, na kila mmoja alichorewa alama ya chaki ambayo hakuruhusiwa kuihama. Nilipiga magoti kwenye sakafu ile miaka mingi, na sasa nikiinuka kitini magoti yananikumbusha.

Ninyi mnaorekodi kwa simu hamwezi kujua jinsi utepe ulivyokuwa adimu. Ni mkanda mwembamba wa kahawia, unaozungushwa kwenye gurudumu. Mpya ukichelewa kuletwa, tulirekodi juu ya wa zamani, na kilichokuwamo kikafutika. Kichwa tu ndicho ambacho hatukukigusa. Kichwa ni zile sekunde za mwanzo ambapo fundi hutaja namba ya utepe na majina ya wapigaji, kisha huwaruhusu waanze. Namba ile ndiyo iliyokuwa kwenye daftari la maktaba, kwa hiyo kichwa kiliachwa.

Mwaka wangu wa pili wakaja watu watatu wa mtaa wa Gongoni waliopiga jazi bila mwimbaji. Shabani, fundi cherehani, alipiga gitaa la solo. Mihayo, mwalimu wa kwaya ya Wamoraviani, alipiga rithimu, na Sadiki alishika besi. Niliwachorea alama zao. Shabani akaitazama yake akacheka.

"Bi Fundi, hapa mimi sitakaa," alisema. "Babu yangu alikuwa mpagazi, akibeba mizigo kutoka hapa mpaka Ujiji. Wimbo huu ni miguu yake. Sasa mtu wa safari utamfungaje kwa chaki?"

Na kweli hakukaa. Besi ilipoanza kukanyaga hatua nzito, Shabani alianza mbali, karibu na mlango, akaja polepole huku akipiga, akapita mbele ya kipaza sauti, akaishilia upande wa pili. Ilikuwa kosa kubwa katika kazi yetu, na nilipaswa kumsimamisha. Nilimwacha. Kwenye vidude vya masikioni nilimsikia mtu akija na mzigo wake, akinipita, akipotelea njiani. Nililia, nikajifanya ninafuta vumbi kwenye mashine. Tangu siku ile sijapata kurekodi kitu kizuri kama kile.

Msimu wa tumbaku ulipofika, Bwana Kilimo alikuja kurekodi mazungumzo yake kwa wakulima, na utepe mpya hatukuwa nao. Mkuu wa Kituo alipitisha kidole kwenye rafu. "Huu wa magitaa hauna hata maneno," alisema. "Weka tumbaku hapo."

"Mzee, huo ni mzuri mno."

"Watu wenyewe si wako hapo Gongoni? Tepu zikija, utawaita wapige tena."

Hoja hiyo ilinituliza, na hilo ndilo linaloniuma. Hakunilazimisha. Niliona anasema kweli, nikaubonyeza ule mtambo kwa mkono wangu.

Tepu mpya hazijafika, Shabani akaugua ini. Hakumaliza mwezi. Nilikwenda msibani, nikaketi mkekani na wanawake. Mjane wake alikuwa na mtoto mchanga mapajani, jina lake Zainabu. Akanishika mkono. "Dada, gitaa lake si mnalo kule redioni? Huyu akikua atamsikia baba yake."

"Lipo," nikasema.

Ningefanyaje? Hivyo ndivyo nilivyojiambia njia nzima ya kurudi kazini. Baadaye nilihamishiwa Mwanza, kisha Dodoma, nikafanya kazi chini ya Wakuu wa Vituo wanne, nikafundishwa mashine zisizotumia utepe kabisa. Niliporudi Tabora kumalizia utumishi, maktaba ya zamani ilikuwa inatupwa. Niliuokota ule utepe kwenye lundo pamoja na mashine moja mbovu, nikaitengeneza nyumbani.

Mwaka jana mwanamke mmoja alibisha hodi. Alitoka Ulyankulu, anakofundisha shule.

"Shikamoo mama. Mimi ni Zainabu wa Shabani."

"Marahaba mwanangu," nikasema.

"Mama amefariki. Alinisisitizia sana nikutafute. Alisema baba yuko kwako."

Nilimkalisha. Ningeweza kumdanganya tena, maana nimekuwa mzoefu. Nikamwambia: "Nilimfuta mimi. Nilikuwa nimeshamfuta siku ile nilipomwambia mama yako yupo."

Zainabu akasema, bila kupaza sauti, "Mama alikufa anaamini. Angalau nionyeshe kilichobaki."

Nikawasha mashine. Ikatoka sauti yangu ya usichana, ikitaja namba na majina matatu. Mtu akakohoa. Kisha, kutoka mbali karibu na mlango, Shabani akauliza: "Bi Fundi, tuanze?" Nami nikajibu: "Anza." Na papo hapo Bwana Kilimo akadakia: "Ndugu wakulima, tumbaku ikishachumwa..."

Zainabu aliziba mdomo kwa ushungi. "Rudisha," akasema. Nikarudisha. Mara ya tatu alisema, "Nina sauti ya pua kama yake."

Siku hizi huja kila likizo. Watu huniuliza kustaafu kukoje. Nawaambia ni kubaki na yale ambayo kazi ilikuwa inakusahaulisha. Tunaketi wawili, hatuzungumzi sana. Nimeshazoea kuisimamisha mashine kabla ya ile tumbaku. Kila mara nasikika nikimwambia Shabani aanze, na kila mara kidole changu ndicho kinachomzuia.